Kwenda Nyandungu na Jamaa: Pangeni kwa Mwendo wa Bibi

Jamaa nyingi za mjini Kigali zinaposikia habari za hifadhi ya mazingira, mawazo yake hukimbilia mbali. Huikumbuka Akagera yenye simba na vifaru, au milima ya Virunga wanakokaa masokwe wakubwa. Baba huchukua karatasi, akahesabu nauli, kiingilio na chakula cha watu sita, kisha huikunja karatasi hiyo na kusema, "Labda mwaka ujao." Mwaka ujao nao huja na karo zake na kodi ya nyumba yake, na watoto huendelea kuwajua ndege kwa picha za vitabuni.

Hali iko hivyo ilhali katika jiji letu wenyewe, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana, baada ya kupita Giporoso na si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe, ipo bustani ya mazingira ya Nyandungu. Ni hekta 121 za kinamasi na miti. Hapo zamani bonde hilo lilikuwa limechoshwa na kilimo, malisho na shughuli nyingine za binadamu. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda ilianza kazi ya kulirudishia uhai, na mwezi Julai 2022 milango ilifunguliwa kwa wananchi. Zaidi ya miti 17,000 ya aina 55 imepandwa, mabwawa matano yamechimbwa, na njia za kutembea kwa miguu na kwa baiskeli zimetengenezwa zenye urefu wa kilometa 10 hivi. Ndege wa aina zaidi ya 100 wameonekana humo.

Makusudi ya makala haya si kuisifu bustani hiyo, maana anayefika hapo atajionea mwenyewe. Nataka tuzungumze, hususan sisi akina mama tunaobeba mzigo wa maandalizi, juu ya namna ya kuipanga siku moja ya matembezi ili kila mtu wa nyumbani apate haki yake. Mimi nilipata kuipanga vibaya, tena vibaya sana, kabla sijaipanga vema. Nitayasimulia yote mawili.

KOSA LETU LA KWANZA

Nyumbani kwetu Nyamirambo tu watu sita: baba watoto, mimi, binti wa miaka kumi na miwili, mvulana wa miaka tisa, mdogo wao wa miaka minne, na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi. Bibi ni mzaliwa wa kando ya Ziwa Muhazi. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, lakini hakuwa mtu wa kulalamika.

Mwaka juzi tuliamua kwenda Nyandungu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Machi. Kila raia wa nchi hii anaijua Jumamosi hiyo: ni siku ya umuganda. Tulijidanganya kwamba kazi ikimalizika saa tano tutaondoka mara moja. Kumbe baada ya kazi kuna mkutano, na baada ya mkutano kuna kuoga, na baada ya kuoga nilikuwa sijamaliza kupika. Tulifika Nyandungu saa nane na nusu mchana, na mawingu ya masika yamekwisha kutanda.

Nilikuwa nimebeba sufuria zima la wali na maharage, bila kuuliza kabla kama chakula cha nyumbani huruhusiwa, na bila kuwaza nani atalibeba. Watoto wakubwa walikimbia mbele. Baba yao akawafuata kwa hatua ndefu. Mimi nikamshika mdogo mkono nikijaribu kutowapoteza. Bibi akasema, "Nendeni tu, mwanangu, mimi nitapumzika hapa." Nikafurahi kusikia hivyo, na hiyo ndiyo aibu yangu. Nilimwacha kwenye benchi, hatua chache kutoka langoni, na sufuria kando yake.

Tulipokuwa mbali, mvua ikanyesha. Tulirudi tumelowa, watoto wakilia, ikiwa ni saa kumi zimepita. Bibi alikuwa amejibanza mahali penye paa. Kitenge chake cha mabegani alikuwa amekivua akaifunika sufuria, ili chakula chetu kisiingie maji. Mwenyewe alikuwa akitetemeka.

Njiani hakuna aliyesema neno. Tulipofika nyumbani, nikimsaidia kuvua viatu, akaniambia kwa upole, "Nashukuru kwa matembezi, mwanangu. Lango nimeliona vizuri."

Sikulala vema usiku ule. Kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini nilisomea ualimu, na jambo la kwanza tulilofundishwa chuoni ni kwamba mwalimu asiye na andalio la somo hufundisha wale wa mbele tu. Wanaokaa nyuma huondoka na kelele. Mimi niliyefundishwa hayo nilikuwa nimewapeleka watu sita matembezini bila andalio lolote, na aliyekaa nyuma alikuwa mama wa mume wangu.

ANDALIO LA PILI

Tuliamua kurudi katikati ya Julai. Safari hii tulianza kujiandaa wiki mbili kabla. Nitaeleza hatua kwa hatua, ili kila msomaji achukue linalomfaa.

Kwanza, majira. Kigali ina masika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua nyingine huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya ukavu. Vumbi ni kweli lipo, lakini njia hazitelezi, na kwa mwenye goti bovu hilo latosha. Aidha, mwezi wa Julai wanafunzi wako likizoni. Anayetaka kwenda nyakati za mvua si kwamba amekatazwa. Ila na atoke alfajiri, achukue mwavuli, na awe tayari kukatiza safari.

Pili, siku. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Ukichagua Jumapili, kumbuka kwamba mara mbili kwa mwezi barabara kadhaa za mji hufungwa asubuhi ili watu wafanye mazoezi ya viungo, kwa hiyo yakupasa kujua mapema gari lako litapita wapi. Sisi tulichagua Jumamosi ya pili ya mwezi.

Tatu, kuuliza. Hili halina gharama kubwa, nalo huokoa mengi. Piga simu bustanini au mtume mtu aulize: kiingilio ni kiasi gani kwa mtu mzima na kwa mtoto? Je, kuna tofauti baina ya raia, mkazi na mgeni, na ni kitambulisho gani cha kuonyesha? Malipo ni kwa fedha taslimu ama kwa simu? Chakula cha nyumbani chaweza kuingizwa? Mabenchi na vyoo viko umbali gani kutoka langoni? Sitazitaja bei hapa, kwa kuwa bei hubadilika, na anayetegemea bei ya gazeti la zamani huumbuka mbele ya watoto wake.

Nne, kupima mwendo. Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu kubwa la kwanza, na ndipo nilipotia bidii. Jioni nne mfululizo, baada ya kazi, nilitembea na Bibi barabarani kwetu nikiwa na saa mkononi. Sikumwambia ninampima, nilisema nataka kunyoosha miguu, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Nikaona kwamba huenda vizuri kwa dakika kumi, kisha goti humkaza. Akikaa dakika kumi, huweza tena kwenda kumi. Akifanya hivyo mara sita, huwa amechoka kwa siku hiyo. Hicho ndicho kikawa kipimo chetu sote: dakika kumi za kutembea, dakika kumi za kukaa, duru sita, basi. Zile kilometa 10 za njia tuliziachia vijana wa baiskeli. Hatukuwa na deni la kuzimaliza.

FEDHA NA USAFIRI

Mshahara wa mtumishi wa serikali haukubali mambo ya kushtukiza. Nilichukua bahasha tatu. Ya kwanza niliiandika "kiingilio", ya pili "usafiri", na ya tatu "dharura". Tangu mwisho wa Mei nilikuwa nikitia kidogo kidogo katika bahasha hizo kutokana na akiba ya sokoni. Wale wanaoweka fedha katika simu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Muhimu ni kutochanganya fedha ya matembezi na fedha ya mkaa. Bahasha ya dharura ikirudi nyumbani haijafunguliwa, huwa mwanzo wa safari nyingine.

Usafiri wa basi ni wa bei nafuu. Sisi tulikwenda kwa basi hadi kituo cha Remera, kisha tukapanda jingine la kuelekea Kabuga, ambalo hupita katika barabara ile ya Nyandungu. Hakikisheni usiku uliotangulia kwamba kadi ya basi ina fedha za kutosha. Pikipiki, ingawa ni nyepesi, hubeba abiria mmoja tu, hivyo haifai jamaa yenye watoto na mzee. Kwa kurudi, tulitenga fedha za teksi. Baba watoto aliona ni ubadhirifu. Nikamwambia kwamba asubuhi goti la mama yake ni zima na jioni limechoka, kwa hiyo tutumie fedha pale goti linapozihitaji. Hakubisha tena.

CHAKULA NA VIFAA

Baada ya kutafakari, tuliamua kutobeba sufuria. Ndani ya bustani upo mkahawa, lakini kununua chakula cha watu sita kungezikausha bahasha zote. Basi nilipanga hivi: asubuhi tule vizuri nyumbani, na mchana turudi kula nyumbani.

Ijumaa jioni nilichemsha maharage mpaka yakakaribia kuiva kabisa, nikaandaa na sombe. Asubuhi nilipika uji wa mtama, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu, tukala kabla ya kutoka. Kisha nikayarudisha maharage motoni yakachemka sana, nikaifunika sufuria, nikaizungushia blanketi kuukuu na kuitumbukiza katika kikapu kikubwa kilichojazwa matambara. Akina mama wengi wanaijua njia hii: chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, bila mkaa wala mlinzi. Tuliporudi saa saba tulikikuta kingali moto, na kilichobaki kilikuwa ni kusonga ugali tu.

Vifaa vya njiani navyo viwe vichache. Sisi tulichukua maji katika chupa za kutumia tena na tena, karanga kidogo katika mfuko wa karatasi, kofia kwa kila mtu, sweta moja ya mtoto mdogo, vidonge vya Bibi, kitambaa safi na bandeji. Mifuko ya plastiki msiifikirie. Ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongezwa dhidi ya vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoea mguu. Kiatu kipya hupendeza langoni, lakini mbele huleta malengelenge.

Katika mfuko wa nguo ya mtoto mdogo tia kikaratasi chenye jina lake na namba ya simu ya mzazi. Bustani ina mabwawa, na mtoto wa miaka minne hajui tofauti ya maji ya kutazama na maji ya kuingia. Tulikubaliana kwamba binti yetu mkubwa atamshika mkono mdogo wake katika duru tatu za kwanza, na baba yao katika tatu za mwisho. Ulinzi wa "sote tutamwangalia" maana yake ni kwamba hakuna amwangaliaye.

Mwisho, niliwapa watoto wakubwa daftari moja na maswali matatu. La kwanza: maji ya bonde hili yanakwenda wapi? La pili: ni ndege gani watatu uliowaona, na walikuwa wakifanya nini? La tatu: ni mmea gani Bibi anaujua nawe huujui? Maswali yasizidi matatu. Yakiwa kumi, matembezi hugeuka kuwa mtihani.

SIKU YENYEWE

Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya saa mbili na nusu tulikuwa langoni. Asubuhi ndiyo saa ya ndege. Jua likishapanda wengi hujificha. Tulianza kwa mwendo wa Bibi. Mvulana wetu alinung'unika katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili alianza kunyamaza, maana aligundua kwamba ukikaa dakika kumi bila kusema, ndege husahau kwamba upo. Alimwona kwarara akichoma ardhi kwa mdomo wake uliopinda, na ndege wa kijivu mwenye shingo ndefu amesimama ukingoni kama mlinzi wa benki. Mara ya kwanza, tulipokuwa tukikimbia, hatukuwa tumeona ndege hata mmoja.

Tulipita penye bustani ya Papa, ambayo ni kumbukumbu ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili aliyefika nchini Septemba 1990. Bibi alisimama hapo kitambo, na hatukumharakisha. Tulipita pia penye bustani ya mimea ya dawa, na hapo swali la tatu likaanza kupata majibu. Alisimulia jinsi mama yake alivyopanda umuravumba kando ya ua, na jinsi jirani walivyokuja kuomba majani usiku mtoto akikohoa. Binti yetu aliandika haraka haraka. Nami nikaongeza, kama iwapasavyo wazazi, kwamba kuujua mmea si ruhusa ya kuuchuma bustanini, wala si ruhusa ya kumnywesha mtu dawa bila kwenda zahanati.

Katika duru ya nne tukafika penye mafunjo. Kwa Kinyarwanda huitwa urufunzo, na msomaji ataona kwamba maneno hayo ni ndugu. Hapo Bibi alibadilika. Mgongo ulinyooka, na sauti ikawa ya mtu mwenye kazi. Aliwaonyesha watoto kwamba shina la funjo halina umbo la mviringo kama la mwanzi, bali lina pembe tatu. Akasema kwamba alipokuwa msichana alikata mafunjo kando ya Muhazi, akayaanika, akayapasua, na kufuma mikeka ambayo jamaa yao iliiuza na kununulia chumvi. Kwa kuwa kukata mmea hapo hakufai, alichukua mfuko wa karatasi uliokuwa na karanga, akauchana vipande virefu, akaanza kufuma magotini pake. Vidole vyake havikuwa na ugonjwa wowote. Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa mbele yake, na baba yao, mtu mzima wa miaka arobaini, alichuchumaa pamoja nao. Alinong'ona kwamba hakupata kujua kuwa mama yake anaijua kazi ile.

Mvulana akamwuliza kama mafunjo yana faida nyingine. Bibi akajibu kwamba walipokuwa wakiteka maji, wasichana wenye akili walikwenda upande wenye mafunjo mengi, kwa kuwa hapo maji yalikuwa meupe. Upande uliofyekwa ili kulimwa, maji yalikuwa mekundu kwa udongo, na mtungi ulijaa tope chini.

"Kwa hiyo, Bibi," akasema mtoto, "mafunjo ni chujio la chai?"

Tulicheka sote, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Kinamasi, ambacho wataalamu hukiita ardhi oevu, hufanya kazi ya chujio na ya sifongo. Mvua kubwa ikishuka kutoka vilimani, mimea hupunguza kasi ya maji, udongo na takataka hutua chini, na maji hutoka polepole yakiwa safi zaidi. Bonde likifyekwa na kujazwa, maji hayo hayo hushuka kwa kishindo na kuingia nyumbani mwa watu. Mwezi Mei 2023, mvua ya usiku mmoja ilileta mafuriko na maporomoko katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Kinamasi kimoja hakiwezi kuyazuia yote hayo, lakini mtoto akielewa kazi ya bonde moja, ataelewa kwa nini serikali inawataka watu wasijenge mabondeni, na hatakuja kutupa taka mtaroni.

Jibu la swali la kwanza lilifuata hapo hapo. Maji ya mabonde ya Kigali huishia mto Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, Akagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo maji huelekea Misri kwa mto Nile. Binti yetu aliandika katika daftari: "Maji ya kwetu yanakwenda Misri. Bibi alikuwa akiyajua kabla ya mwalimu wa jiografia."

Duru ya sita tuliimalizia karibu na lango, kwenye benchi lile lile la mwezi Machi mwaka uliotangulia. Bibi alilitazama, akakaa, akacheka peke yake. Sikuuliza anacheka nini. Saa tano na nusu tulikuwa ndani ya teksi.

BAADA YA KURUDI

Somo lisilo na tathmini hupotea upesi. Usiku ule, baada ya chakula, kila mmoja alieleza jambo moja lililompendeza na moja la kurekebisha. Mdogo alisema alipenda ndege za angani zilizopita chini kuelekea Kanombe, hatukumlaumu. Baba watoto alisema safari ijayo tuchukue mto mdogo wa kukalia, kwa sababu ya goti. Binti alisema daftari lilikuwa dogo.

Kumbe alisema vema. Tangu siku ile jioni zake hupita kando ya Bibi, akiuliza majina ya mimea, ya samaki wa Muhazi, ya watu waliokwisha fariki. Kabla ya hapo, sikatai, alikuwa na desturi ya kumjibu Bibi kwa neno moja na kugeukia mambo yake. Sikumpa hotuba ya heshima. Siku moja ya mwendo wa polepole ilimfundisha.

Ndugu msomaji, kuna jambo moja zaidi ambalo sikulijua tulipokuwa tukipanga. Mwezi Desemba goti la Bibi lilizidi. Daktari amefanya awezalo, na sasa Bibi hutoka chumbani hadi barazani kwa fimbo, wala hashuki tena barabarani kwetu. Zile duru sita za Julai ndizo zilizokuwa matembezi yake marefu ya mwisho. Kile kipande cha mkeka wa karatasi kingaliko. Binti amekitumia kuwa alama ya ukurasa katika daftari lake.

Nimejiuliza mara nyingi: je, kama baada ya aibu ya Machi tungesema "labda mwaka ujao"? Bibi angebaki na lango lake, nasi tungebaki hatujui kwamba nyumbani mwetu anakaa mfumaji.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi. Chagueni tarehe, tena iwe karibu. Ulizeni mapema, tengeni fedha katika bahasha zake, acheni maharage yakijiivia katika kikapu. Na kabla ya kuandika lolote jingine katika karatasi ya mipango, andikeni juu kabisa jina la yule anayetembea polepole kuliko wote, kisha mpangilieni safari nzima miguuni pake. Wenye mbio hawatapoteza kitu, maana bustani itakuwapo nao watairudia kwa miguu yao wenyewe.